Chumvi Nje ya Mstari Mwekundu

Kanroku alikuwa mwoga, na hilo nalisema mapema asije mtu akaniambia nimemsingizia. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa daraja la kamba la mtoni, na akipiga chafya mara mbili asubuhi alirudi ndani kukaa. Mafundi wenzake wa mawe walimwita Sungura, tena usoni kabisa, naye akaitika. Lakini walipotaka kujua kama jiwe lina ufa ndani, hawakumwita mwingine. Alikuwa analilaza shavu lake juu ya jiwe, anagonga kidogo kwa nyundo, anasikiliza, kisha anasema hili ndiyo au hili hapana. Katika miaka thelathini na moja ya kazi, hakuna jiwe alilolipitisha yeye likaua mtu. Mafundi jasiri tuliwazika kadhaa.

Kazi yenyewe ilikuwa kule juu, kwenye ngome. Siku hizi ukipanda mlima wa Iwanose utakuta kuta tu na misonobari, maana mnara waliuuza uwe kuni baada ya utawala wa mabwana kuondolewa. Wakati wa Kanroku mnara ulikuwepo, ila hakuna aliyeishi ndani yake. Ngome ilijengwa zama za vita, watu walipokuwa wakichomeana nyumba kila kiangazi, na babu wa babu yake Kanroku ndiye aliyeletwa kutoka mbali kuja kupanga mawe yale. Vita vikaisha. Bwana wetu akateremka kujenga jumba tambarare karibu na mto, kwani nani anataka kupanda mlima kila siku kwenda kula? Juu wakabaki walinzi sita, kunguru na mawe. Na mawe yanataka kutunzwa hata kama hakuna wa kuyapigania.

Hapo ndipo ilipoingia sheria ya Edo, mji alikokaa Shogun, mkuu wa mabwana wote. Shogun hakutaka bwana yeyote ajitie nguvu tena, kwa hiyo kuigusa ngome bila ruhusa kulihesabiwa uasi. Ukuta ukiharibika unachora ramani, unapaka wino mwekundu pale palipoharibika tu, unaituma Edo, unangoja. Ruhusa ikija inakuja na muhuri, nayo inasema jenga kama palivyokuwa, ndani ya wino mwekundu, usizidishe hata shubiri. Kuna mabwana wakubwa walionyang'anywa nchi nzima kwa kutengeneza kipande cha ukuta kabla jibu halijafika. Bwana akinyang'anywa nchi, samurai wake wote wanageuka ombaomba. Na fundi aliyeshika nyundo, kichwa chake ndicho kinachotangulia.

Ukuta wa magharibi ulishika mimba mwaka wa mvua kubwa. Ndivyo mafundi wanavyosema pale ukuta unapoanza kutoa tumbo kwa maji na udongo unaousukuma kutoka nyuma. Karani akaja, akachora, akapaka wekundu pima kumi na moja. Jibu la Edo likachukua miaka miwili. Ndipo wakaanza kubomoa, kila jiwe likiandikwa namba ili lirudi mahali pake. Siku ya nne Kanroku akalaza shavu lake kwenye mawe yaliyo nje ya mstari, upande wa kusini, na alipoinuka rangi ilikuwa imemtoka usoni.

Ubovu haukuishia kwenye mstari. Ulikuwa umekwenda pima mbili zaidi, ndani kwa ndani, bila tumbo kuonekana kwa nje. Kokoto za nyuma zinazopitisha maji zilikuwa zimejaa tope, na mawe matatu ya chini yalikuwa yamepasuka. Kurudisha pima kumi na moja nzito kando ya mbili zilizooza ilikuwa ni kuzisukuma hizo mbili zianguke. Na chini yake, hatua arobaini kuteremka, kulikuwa na nyumba ya watengeneza karatasi. Sayo, binti pekee wa Kanroku, alikuwa ameolewa pale, na alikuwa na watoto wawili wadogo.

Kwa kuwa ndiye mkuu wa mafundi, akaenda kwa msimamizi wa ujenzi, Bwana Momose, samurai mkavu wa maneno ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Alimweleza. Bwana Momose alisikiliza mpaka mwisho, hilo lazima nimpe haki yake, kisha akauliza:

"Mstari unaishia wapi, Kanroku?"

"Kwenye jiwe lile lenye doa, bwana."

"Basi na macho yako yaishie hapo hapo."

Akaeleza kwamba ramani nyingine ingeweza kupelekwa majira ya machipuko, na wangojee miaka miwili tena. Mkaguzi kutoka Edo anakuja mwezi wa kumi na nakala ya ramani mkononi. Akikuta jiwe moja limeguswa nje ya wino, alisema Bwana Momose, yeye mwenyewe atalazimika kujiua kwa kujipasua tumbo, bwana mkubwa atapoteza nchi, na Kanroku atakatwa kichwa kando ya mto. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mboga.

Kanroku alijaribu njia nyingine. Alikwenda kwa wakwe zake Sayo, akadokeza kwamba nyumba ile ina unyevu na watoto watakohoa. Mama mkwe akamcheka. Chemchemi ya kutengenezea karatasi iko pale, waende wapi? Kusema wazi kwamba ukuta umeoza hakuthubutu, maana kutoboa siri ya udhaifu wa ngome nako ni kosa la kichwa. Akanywa chai aliyopewa, nusu akaimwaga mkekani, na mjukuu wake akaja kuifuta kwa ukosi wa nguo yake.

Nyumbani mkewe, Kiwa, hakuhitaji kuambiwa kuna jambo. Alimwacha ale kwanza, ashindwe kula, kisha akamwambia:

"Baba Sayo, sema."

Akasema yote. Kiwa alikuwa mwanamke asiyependa kupoteza maneno. Akamwuliza anaogopa kipi zaidi, kichwa chake au nyumba ile. Kanroku alifikiri kweli, kwa sababu swali lilistahili jibu la kweli, akasema anaogopa vyote sawasawa. "Haya," akasema Kiwa, "kichwa ni kimoja. Kule viko saba." Kisha akaondoa vyombo.

Sasa, mlima wa Iwanose una jambo moja jema. Mwishoni mwa kiangazi ukungu hupanda kutoka mtoni alfajiri, ukajaa bonde lote, na mpaka katikati ya asubuhi mtu aliye juu haoni hata mguu wake. Bwana Momose alikuwa na desturi ya kupanda ukungu ukishaondoka, tumbo likiwa limeshiba. Kanroku akaenda kwa Gonji, fundi mkubwa wa mwili na mdomo, yule aliyempa jina la Sungura. Alitegemea matusi. Gonji akamtazama, akauliza tu kama ni mawe mangapi. Baada ya Gonji, wengine kumi na saba walikubali mmoja mmoja, na hakuna aliyeuliza swali la pili.

Walitundika mikeka ya majani ya mpunga mbele ya jukwaa la mbao walilofanyia kazi, wakasema ni kuzuia vipande vya mawe visiangukie mapaa ya watu. Kila alfajiri, ndani ya ukungu, wakazifungua zile pima mbili. Nyundo walizifunga matambara. Mawe waliyateremsha kwa kamba, taratibu, na kila jiwe likigusana na jingine Kanroku alihisi ni shingo yake inayogongwa. Alisikia walinzi wakikohoa juu ya kichwa chake. Asubuhi ya sita ukungu ulipasuka ghafla, upepo ukainua mkeka, na kwa muda wa kama kuhesabu kumi ukuta wote uliofumuliwa ulikuwa mtupu mbele ya mji mzima. Kanroku alikaa chini palepale juu ya ubao akajikojolea. Hakuna aliyemcheka, hata Gonji, ambaye mwenyewe alikuwa amekumbatia mlingoti amefumba macho.

Asubuhi ya kumi na mbili wakamaliza. Kokoto safi nyuma, mawe mazima chini, kila kitu mahali pake. Namba wakazisugua. Kilichobaki kilikuwa ule ukoga wa kijani unaoshika mawe ya kale, kwa sababu jiwe lililoguswa hujulikana kwa weupe wake. Kiwa akakusanya maji ya kuoshea mchele kwa majirani, akidai ni ya miche ya figili, na Kanroku akayapaka kwenye mawe pamoja na ukoga alioukwangua msituni. Ulishika. Ulinuka uchachu wa mchele uliochacha, lakini kwa macho ungeapa kwamba haukuguswa tangu zama za vita.

Kama mambo yangeishia hapo nisingekuwa na la kusimulia. Tatizo lilikuwa chumvi.

Ukuta ukikamilika, mafundi wa kwetu humwaga pombe ya mchele na kuweka konzi ya chumvi katika ncha zote mbili za kazi, ili mungu wa mlima ajue ni mawe gani anakabidhiwa. Chumvi hiyo haiguswi na mtu tena. Mvua ndiyo huichukua. Mbele ya Bwana Momose, Kanroku aliweka chumvi ya ncha ya kusini kwenye jiwe lenye doa, mwisho wa mstari, kama inavyotakiwa. Akarudi nyumbani. Hakulala. Alikuwa amemdanganya nani, Edo au mungu? Zile pima mbili hazikuwa zimekabidhiwa kwa yeyote, na ndizo zilizosimama juu ya Sayo. Alfajiri akapanda, akapiga magoti, akaomba radhi, akafuta chumvi ya uongo na kuweka nyingine mahali ambapo kazi iliishia kweli. Mkaguzi alikuwa bado siku nane. Mvua ya msimu ingenyesha kabla ya hapo, inanyesha kila mwaka.

Mwaka ule haikunyesha. Ukungu uliilowesha chumvi asubuhi, jua likaikausha mchana, ikaganda ikawa kichuguu cheupe kigumu. Kanroku alikuwa akipanda kila siku kuitazama. Siku ya tatu alinyoosha mkono aiondoe, mkono ukakataa. Akiiondoa, mlima utajua kwamba amenyang'anya alichotoa, na usiku huo huo, alivyoamini, ukuta ungeshuka. Asipoiondoa, kuna mkaguzi. Akasimama pale katikati ya hofu mbili, jasho linamtoka, mpaka walinzi wakamwuliza kama anaumwa.

Na kwa kuwa hakuna mvua, mito ilikuwa haina maji, na kwa kuwa mito haina maji, mkaguzi alivuka vivuko vyote bila kungoja. Alifika siku nne kabla.

Alikuwa mzee mfupi mwenye mafua. Alipanda mlima akipenga kamasi kila baada ya hatua chache, na nyuma yake karani na sanduku la ramani. Mafundi walipangwa mstari, vichwa chini. Kanroku alikuwa wa mwisho. Kutoka pale alipokuwa alisikia harufu ya mchele uliochacha ikitoka ukutani, akashangaa kwamba wengine hawaisikii, akaona kwamba amekwisha.

Mkaguzi alipima kwa kamba. Kumi na moja kamili. Akalinganisha na ramani, akaguna, karani akaandika. Kisha badala ya kugeuka akaendelea kutembea, polepole, kando ya ukuta, kitambaa puani, akapita jiwe lenye doa, akapiga hatua nne tano zaidi. Akatazama chini.

"Chumvi hii ya nini?"

Kanroku alikuwa ameinamisha macho. Aliona vidole vya miguu vya Gonji vikijikunja ndani ya ndara. Bwana Momose alikuwa ameshaiona, na kwa namna shingo yake ilivyokakamaa ilikuwa dhahiri kwamba ndiyo kwanza ameelewa mikeka ile ilikuwa ya nini.

"Mtu alifia hapo, bwana mkaguzi. Alidondoka kutoka jukwaani akabingirika mpaka hapo. Wenzake wametakasa mahali kwa chumvi, ndiyo desturi."

"Fundi?"

"Fundi."

"Jina?"

Karani alikuwa ameshakunjua orodha ya mafundi, ile iliyotumwa Edo pamoja na maombi. Majina kumi na tisa yalikuwa pale, na watu kumi na tisa walikuwa wamesimama. Macho ya Bwana Momose yakapita juu ya mstari mzima, uso kwa uso, hadi yakamfikia anayetetemeka.

"Kanroku," akasema. "Mkuu wa mafundi."

Kalamu ikapita. Mkwaruzo wake Kanroku aliusikia vizuri kabisa. Halafu karani akaanza kuita majina, na kila mmoja akaitika, na kila jina lililoitwa lilimsogeza karibu na mahali ambapo angebaki peke yake bila jina. Kumi na nane wakaitika. Mkaguzi akahesabu kwa ncha ya pepeo lake, akarudia, akamfikia.

"Na huyu?"

"Mchukuzi," akasema Bwana Momose. "Huwapandishia chakula."

"Unaitwa nani?"

Kichwa cha Kanroku kilikuwa kitupu. Hakukumbuka jina la mtu yeyote duniani. "Yasuke, bwana," akajibu Gonji. "Ana kigugumizi."

Mkaguzi akasogea. Akatazama mikono ya Kanroku, vile vidole vilivyopondwa na kupona mara nyingi, kucha mbili zisizokuwepo, makovu meupe ya chokaa.

"Mikono hii ni ya kubeba wali?"

"Na k-kuni, bwana," akasema Kanroku. Kigugumizi hakuhitaji kukiigiza.

Mzee yule alimtazama kwa muda mrefu. Alijua? Wapo wanaosema alijua. Mimi nasema alikuwa na mafua na mguu unamwuma, na pua yake ingekuwa nzima tusingekuwa na mji. Alirudi kwenye chumvi, akauliza kama marehemu alikuwa na watoto, akaambiwa binti mmoja. Akakutanisha viganja viwili, akainamisha kichwa, akamwombea Kanroku. Na Kanroku, hatua sita kutoka pale, akainamisha kichwa pamoja na wengine.

Mkaguzi alipokwisha kuteremka, Bwana Momose alimwita nyuma ya lango la ngome. Kanroku alikwenda akiamini anakwenda kuuawa, na mtu aliyeambiwa na Gonji aliniambia kwamba Kanroku alipofika pale alishatoa ukosi shingoni ili kazi iwe nyepesi.

"Wewe umekufa," akasema Bwana Momose. "Imeandikwa, na maandishi yanakwenda Edo. Jua lisikuzamie ndani ya mpaka wetu. Nikikuona tena, nitayafanya maandishi yawe kweli."

"Na nyumbani, bwana?"

"Mkeo nitamwambia mwenyewe. Binti hapana. Nyumba ile ya karatasi ina midomo saba."

Kanroku akainama mpaka paji likagusa udongo. Bwana Momose hakuondoka. Alikuwa akitazama upande wa ukuta. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia kwa fundi:

"Ni imara?"

"Ni imara, bwana."

Ndipo akaenda zake.

Walizika mtungi uliozibwa, wenye nyundo ndani badala ya maiti. Sayo alilia hadi sauti ikakauka, na Gonji, aliyebeba mtungi, alilia kuliko yeye. Kanroku akaishia mkoa wa pili, akawa Yasuke, mchonga mawe ya kusagia. Hakuna aliyekuwa akimtafuta, lakini alimwogopa kila samurai aliyevaa panga mbili na kila karani mwenye orodha. Mara moja kwa mwaka Kiwa alipata ruhusa ya kwenda kuhiji hekalu la huko, nao wakakutana kwenye kibanda cha chai chini ya ngazi, kama watu wawili wasiojuana.

Mwaka wa kwanza alileta habari mbaya. Sayo alikuwa hataki kulala tena chini ya ukuta ule uliomuua baba yake. Kila jioni aliwabeba watoto kwenda kwenye kibanda cha kuanikia karatasi, mbali na ukuta, baridi inawaingia, mdogo ameshaugua kifua, na mama mkwe anataka kumrudisha kwao. Chumba chao cha nyuma, kilichopakana na ukuta, kilikuwa kitupu. Kanroku alisikiliza, kisha akasimama akaanza kufunga kamba za ndara. Alisema anarudi akamwambie.

"Ukakatwe kichwa," akasema Kiwa, "na Bwana Momose baada yako, na mji mzima ukaombe njiani. Kaa chini."

Akakaa. Alilia mbele za watu, mzee mzima, na mwenye kibanda akamwongezea chai bila kuuliza. Mwaka mzima uliofuata kila mvua ilipopiga paa la chumba chake aliamka akaketi, akawaza mtoto anayekohoa katika kibanda cha mbao, na jinsi alivyolitoa jina lake kwa ajili ya chumba ambacho hakuna mtu ndani yake.

Mwaka wa pili Kiwa alichelewa siku mbili. Kanroku alimwona akipanda njia. Alikaa mbali naye kidogo, kama ilivyokuwa desturi yao, akamwuliza habari za Sayo huku anatazama ngazi.

Kiwa alisema amehama. Amefunga nyumba yao, ameomba kwa mama mkwe akae na wajukuu, na ametandika godoro lake katika chumba cha nyuma, kichwa kikielekea ukutani. Mvua kubwa mbili zimempitia pale.

"Sayo alisimama mlangoni," akasema. "Akaniuliza, mama, huogopi?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, baba yako alikuwa mwoga kuliko watu wote wa mji huu. Unadhani mtu yule angekuacha wewe chini ya ukuta ambao hajauamini?"

Kanroku akangoja. Kiwa alikuwa akinywa chai yake taratibu.

"Halafu?"

"Halafu akaenda kuwachukua watoto, akaja kutandika."

"Upande gani?"

"Wa ukuta," akasema Kiwa.